Uzi wa baiskeli za milima: kuanzia mchanga wa Kigamboni hadi baridi ya Kilimanjaro, nani apite wapi?

Kobe wa Goba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Haupiti muda mrefu humu jamvini bila mtu kuuliza: "Nimepata baiskeli ya gia, mtumba wa Japani, naishi Dar, nikaiendeshe wapi?" Majibu ni yale yale. Mmoja atamwambia azunguke Coco Beach hadi Masaki, akale mihogo, arudi nyumbani. Mwingine atamwambia Dar ni tambarare, baiskeli yenyewe aiuze. Nimeona nifungue uzi mmoja tuweke njia tunazozijua, za mchanga, za vumbi na za baridi, halafu tuseme kila njia ni ya nani.

Hilo la "ya nani" ndilo linalonisumbua. Milima tunayo, ukame tunao. Tusichokuwa nacho ni kibao mwanzoni mwa njia kinachosema hapa mwanao anapita, hapa hata wewe ujifikirie.

Waangalieni wa Moab, mji mdogo jimbo la Utah, Marekani. Mji umekaa kwenye jangwa la miamba myekundu, na juu yake kuna milima ya La Sal yenye theluji. Kuna njia yao moja maarufu, The Whole Enchilada. Inaanzia Burro Pass, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, ndani ya misitu ya milimani, na inakutelemsha hadi mto Colorado kwenye mita kama 1,200. Ni zaidi ya kilomita 40. Unaanza umevaa jaketi, unamaliza unatafuta kivuli. Watu wengi hawapandi kwa pedeli, wanapakia baiskeli kwenye gari linalowafikisha juu. Na hata hilo linategemea msimu, kwa sababu theluji ya kule juu inaweza kukaa mpaka Juni.

Sasa mji huo huo una njia ambazo mtoto anapita akiimba. Wanazitenganisha kwa alama walizoziazima kwenye michezo ya theluji: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wastani, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili nyeusi maana yake kama unauliza, basi si yako. Halafu wana Slickrock, kilomita kama 17 za mwamba mtupu zilizochorwa na waendesha pikipiki mwaka 1969. Kwa kuwa mwamba hauachi alama ya tairi, wamepaka michirizi ya rangi nyeupe uifuate. Kabla ya kuingia, kuna kipande kifupi cha kujaribia. Kikikushinda, unarudi kwenye gari hujaaibika. Mimi ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuleta kutoka kule, ningeacha milima yao yote nikachukua hicho kipande cha kujaribia.

Basi naanza mimi kupaka rangi.

Kijani: ufukwe wa Kigamboni, kuanzia Mjimwema kushuka kusini, maji yakiwa yamekupwa. Narudia, yamekupwa. Mchanga uliolowa hushikana, tairi haizami, na hakuna lori la kukupigia honi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kuanzia saa nne asubuhi hivi, na kila siku inayofuata muda unasogea mbele kama dakika hamsini. Siku za maji mafu, yale yasiyopwa sana, ufukwe unabaki mwembamba, hakuna raha.

Bluu: Pugu na Kazimzumbwi. Nitaieleza vizuri chini.

Nyeusi: kuteremka kutoka Morningside, Uluguru, na vijia vya nje ya barabara kuu kule Lushoto.

Kilimanjaro nayo ipo, ina njia ya Kilema ambayo baiskeli zinaruhusiwa, ila hiyo inahitaji maelezo yake peke yake.

Karibuni, ongezeni, pingeni.

---

Chuma Chakavu

Uzi hauna picha 😂

Mkuu mlima gani upo Dar? Mlima wa Kimara Mwisho ukiwa kwenye foleni?

---

Kobe wa Goba

Chuma Chakavu, kilima cha Goba kwenda Madale ukipande mara kadhaa bila kushuka kwenye siti halafu urudi hapa kutucheka. Mazoezi ya pumzi hayataki mlima mkubwa, yanataka mwinuko mfupi unaourudiarudia. Ninachokubali ni kwamba Dar haikufundishi kuteremka. Mteremko wa Goba unaisha kabla hujajifunza kitu, na chini yake kuna bodaboda wanne wanakusubiri. Ndiyo maana nasema Pugu.

Kwa wasiopajua: unafuata barabara ya Pugu, unapita Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni, unaelekea Kisarawe. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi umeungana, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ni kipande cha misitu ya zamani ya pwani, iliyokuwepo kabla ya jiji, na ndani yake kuna wadudu na mimea isiyopatikana pengine popote. Kuna vilima, kuna mizizi inayokatiza njia, kuna mapango ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe yenye popo. Lipia kiingilio, sema umekuja na baiskeli, uliza njia gani zinaruhusiwa. Usiingie kwa kuchepuka nyuma ya mashamba ya watu halafu ukikamatwa useme ulipotea.

Kwa nini bluu na si kijani? Kwa sababu ya mizizi na udongo. Kiangazi udongo ni mgumu na una vumbi jepesi juu, tairi ya mbele inateleza kwenye kona kama uko juu ya mchele. Masika, Machi hadi Mei, ule mfinyanzi unajaza tairi mpaka gurudumu halizunguki. Nenda Juni hadi Septemba.

---

Binti Kibada

Asante kwa uzi, nimeufuatilia kimya kimya tangu mwanzo. Mimi niko huku huku Kigamboni. Naomba kuuliza bila kuchekwa: hizo barabara za mchanga za mitaani kwetu, ule mkavu, nafanyaje? Nikiingia tu usukani unanipindukia, nashuka nasukuma. Mwanangu wa darasa la nne ananipita akiwa na baiskeli yake ndogo, ananisubiri mbele anacheka.

---

Fundi Spoku

Dada, hapa hakuna wa kukucheka, mchanga mkavu umeangusha wanaume wenye baiskeli za mamilioni.

Kwanza upepo. Watu wanajaza tairi mpaka zinalia kama ngoma kwa sababu fundi wa mtaani ndivyo alivyozoea za mizigo. Tairi ya lami na tairi ya mchanga si mambo sawa. Kama tairi zako ni pana, zile za inchi 2.1 au 2.25, na wewe si mzito sana, shusha hadi psi 25 hivi. Tairi inatandazika, inaelea juu badala ya kuchimba. Ukirudi lamini ijaze tena, usitembee na upepo mdogo juu ya mawe, tyubu inabanwa na rimu, tyubu inapata matundu mawili kama aliyeng'atwa na nyoka.

Pili, gia badilisha kabla ya mchanga, siyo ndani yake. Ingia na gia nyepesi kiasi, kanyaga sawasawa bila kusita, kalio lirudi nyuma kidogo ya siti ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Usukani usiushike kama unakaba mwizi. Uache ucheze kidogo, baiskeli inajitafutia njia yenyewe. Ukitaka kupinda, pinda kwa kiuno. Ukikata usukani tu, umelala.

Mwanao anakupita kwa sababu ni mwepesi na hana woga. Huo wa kwanza huna dawa yake, wa pili unatibika.

---

Binti Kibada

🤣🤣 Nimepokea. Kesho naanza na upepo.

---

Msambaa wa Soni

Mleta mada umeandika Lushoto mstari mmoja, halafu Pugu umeipa aya nzima. Sawa, kila mtu na kwao. Ngoja nieleze mimi.

Barabara ya lami Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 32, inapita Soni kwenye maporomoko. Mombo joto linakupikia chai, Lushoto mjini uko mita kama 1,400, asubuhi ya Julai unatoka na sweta. Tofauti ya kutoka chini hadi juu ni karibu mita elfu moja. Kupanda ni kwa mwenye subira, si lazima uwe bingwa, mwinuko umepangwa vizuri tangu enzi za Mjerumani. Kushuka ndiko kunakoua: kona, mabasi, na malori ya mboga yanayowahi sokoni Dar. Ukitaka kushuka lami ile, shuka alfajiri.

Raha halisi iko juu. Kuna barabara ya vumbi kwenda Irente ambayo hata asiye na mazoezi anafika, na ukifika unasimama ukingoni unaitazama nyika ya Masai chini yako. Kuna barabara za ndani za msitu wa Magamba, kivuli na ukungu, hizo mpe kijani au bluu. Halafu kuna ile safari ndefu ya kupita Mlalo hadi Mtae, ukingo wa milima, ambako upande mmoja kuna mabonde ya kabichi na migomba na upande wa pili kuna ukame wa Mkomazi unaoenea mpaka macho yanachoka. Watu wanasema waende Marekani kuona jangwa na mlima mahali pamoja. Wapande basi la Lushoto.

Ila nina neno kuhusu hizo rangi zako. Vijia vya kwetu havikuchimbwa kwa ajili ya baiskeli. Ni njia za mama anayepeleka viazi mnadani akiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na za wanafunzi. Ukiandika mtandaoni "almasi nyeusi", vijana wanakuja kushindana, wanashuka kwa kasi, mama anaruka kwenye mtaro na mzigo wake. Kibao cha kwanza kisome hivi: mwenye mzigo ana haki ya njia. Mwenye baiskeli ashuke, asalimie, asubiri.

---

Kobe wa Goba

Msambaa, hilo la mwenye mzigo nalichukua kama lilivyo.

La rangi sikubaliani nawe. Bila alama, kijana anakuja vilevile, anakuja tu bila kujua. Kule Moab nako wana la kwao: kuna ganda jeusi la vijidudu hai juu ya udongo wa jangwani, ambalo ndilo linalozuia mchanga usipeperuke. Ukilikanyaga mara moja linaweza kuchukua miaka mingi sana kurudi. Walichofanya ni kuwafundisha watu wabaki kwenye njia iliyochorwa, na alama ndizo zinazowafundisha.

---

Msambaa wa Soni

Wao wanalinda udongo usio na mwenyewe. Huku kila tuta lina jina la mtu. Matuta yetu ya mboga ukiyapitisha tairi wakati wa mvua, maji yanapata mfereji, mvua inayofuata shamba linashuka bondeni. Alama weka, lakini kaeni na wanakijiji kwanza, na vijia vingine visiwekwe kabisa. Si kila penye mteremko pawe pa kuchezea.

---

Gurudumu Tatu

Salaam wote. Mimi natumia baiskeli ya mkono, ya magurudumu matatu, zile mnazotuona nazo Kariakoo na kivukoni. Kichwa cha uzi kinasema "nani apite wapi". Sisi nani anatutaja?

Nauliza kwa nia njema. Ufukweni nimewahi kwenda, mchanga uliolowa unapitika vizuri. Msituni sijajaribu.

---

Fundi Spoku

Mkuu karibu sana, swali lako ni la maana kuliko mengi humu.

Hizi za kwetu za mkono zimetengenezwa kwa lami na mitaa: gia moja, tairi nyembamba, kiti kiko juu. Zile za milimani huwa na kiti cha chini sana au mtu analala kifudifudi, tairi pana, gia nyepesi mno ya kupandia na breki za diski. Kwenye njia, kinachomzuia mwenye magurudumu matatu kwa kawaida si mwinuko. Ni upana na ulalo. Njia ikiwa nyembamba kuliko ekseli yake, gurudumu moja liko njiani na lingine liko hewani. Njia ikilala upande, inampindua hata kama ni tambarare. Na vizuizi vya mageti ya kubana pikipiki vinamfungia nje kabisa.

Kwa hiyo kwa Dar: ufukwe wakati wa maji kupwa ndiyo, umesema mwenyewe. Pugu, uliza getini zile barabara pana zinazopitika kwa gari, achana na vijia vya mizizi. Barabara ya Irente juu Lushoto inaweza kufaa kwa upana, ila kiti cha juu kwenye mteremko wa vumbi sikushauri bila mtu wa kukushikia nyuma. Ukija gereji tunaweza kuangalia kuongeza gia ya kati. Chuma tunacho, welda tunaye.

---

Kobe wa Goba

Naongezea kwenye mada kuu: kila njia tutakayoitaja humu tuseme na upana wake. Gurudumu Tatu, wewe ndiye utakayetupimia ya ufukweni.

---

Gurudumu Tatu

Bamvua ijayo nitaleta majibu.

---

Mpare Mkavu

Naona mnazungumzia jangwa mkiwa mmekaa kwenye unyevu wa Dar. Ukame halisi uko kaskazini. Chukua barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, Ziwa Natron. Ziwa liko mita kama 600 tu, mlima Ol Doinyo Lengai unasimama pembeni mita 2,962, ukilipuka unamwaga majivu yake hapo hapo, mara ya mwisho kwa nguvu ilikuwa 2007 na 2008. Unapita juu ya vumbi la volkano, laini, linaingia kwenye mnyororo, kwenye breki, kwenye meno. Hakuna kivuli. Na miiba ya migunga, Fundi atawaeleza.

Kwa ufundi wa kuendesha hapana ugumu wowote, barabara ni pana. Kinachokumaliza ni jua na umbali kati ya maji na maji. Mtu asiende peke yake, asiende bila gari la kumfuata, na asianze safari saa tano akasema atapumzika njiani. Atapumzika wapi?

Na jamani, Mkomazi pale chini ya Mtae panavutia kwa macho, lakini ni hifadhi ya taifa tangu 2008. Kuna tembo na simba. Usishuke na baiskeli ukadhani ni pori la kijijini.

---

Fundi Spoku

Miiba: tyubu ya kawaida kule inageuka chujio. Ukiweza, weka tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba ndani. Mwiba ukiingia, yale maji yanakimbilia tundu yanaganda. Usiung'oe mwiba mpaka uwe tayari kuizungusha tairi. Usipoweza gharama hiyo, basi tyubu za akiba, viraka, gundi isiyokauka (ijaribu kabla hujatoka nyumbani, gundi za dukani nyingi zimekauka ndani ya boksi), na pampu yako mwenyewe. Angalia na vali. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina vali nyembamba, na pampu ya fundi wa Engaresero ni ya vali nene ya gari. Kile kibadilishio kidogo cha shaba bei yake ni ya soda, kikose uone.

Vumbi la volkano na mafuta mazito ya mnyororo ni msasa. Tumia mafuta mepesi, futa kila jioni.

---

Mzee Kipimajoto

Wanangu, mada nzuri. Nimefanya kazi ya hospitali miaka mingi, nimestaafu, sasa napiga pedeli kwa ajili ya magoti.

Mleta mada ameitaja Kilema halafu akanyamaza. Naona vijana mtaiendea kabla hajarudi, ngoja niseme langu.

Sisi wa Dar tunaishi usawa wa bahari. Kambi ya Horombo, ambako njia ile inakufikisha, ni mita 3,720. Kiasi cha oksijeni kinachopatikana kwa kila pumzi pale ni chini kidogo ya theluthi mbili ya mnachovuta mkiwa Kariakoo. Misuli yako ni ile ile, baiskeli ni ile ile, lakini mwinuko uliokuwa unaupanda ukipiga soga, pale unausimamia. Na joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita elfu moja, hivyo jasho la kupandia linageuka baridi ya kukuua ukianza kuteremka. Beba koti la upepo na glovu hata kama getini kuna jua.

Kuanzia mita 2,500 hivi kichwa kinaweza kuanza kuuma, chakula kinakataa, usingizi unakosekana. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, haujali kama wewe ni mwanariadha. Vijana wenye nguvu ndio wanaougua zaidi kwa sababu wanapanda haraka. Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma, usipande zaidi. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au anahema akiwa amekaa, au anakohoa mapovu, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa ni kushuka. Na akishaanza kupepesuka asishuke juu ya baiskeli, mshikeni mkono.

---

Kobe wa Goba

Shikamoo mzee. Umenirahisishia.

Kilema ni njia pana, ile ya gari la uokoaji, inapanda msituni halafu inatokea kwenye vichaka na mimea mirefu ya ajabu ya kule juu hadi Horombo. Lazima ulipe hifadhi, lazima uwe na mwongoza njia, na usijipangie mwenyewe kwa kusoma uzi huu. Sasa angalieni hapa ndipo alama za Wamarekani zinaponikwaza. Kwa mawe na kona, Kilema ni bluu, pengine hata kijani sehemu nyingine. Kwa pumzi ni nyeusi tii. Zile rangi zinapima njia, hazimpimi aliyetoka usawa wa bahari. Ndiyo maana napendekeza kwetu tuweke alama mbili kwa kila njia, moja ya ugumu wa njia na nyingine ya ugumu wa mwili: joto, mwinuko, umbali wa maji. Engaresero ya Mpare Mkavu, njia kijani, mwili nyeusi. Mizizi ya Pugu, njia bluu, mwili kijani, kwa sababu likikushinda unatoka barabarani unapanda daladala.

Na kwa wanaotafuta jangwa na milima mahali pamoja: ukiiacha baiskeli Horombo ukaendelea kwa miguu kuelekea Kibo, kati ya mita 4,000 na 5,000 unaingia kwenye jangwa kamili. Pale kati ya Mawenzi na Kibo mvua ni haba, ardhi ni kokoto na vumbi, majani machache ya kubahatisha. Mchana jua linachoma ngozi, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Chuma Chakavu aliyeuliza mlima gani, na yule atakayeuliza jangwa gani, jibu lao ni sehemu moja, nalo liko Tanzania.

---

Chuma Chakavu

Nimekaa pale 🙌 Nilikuja kuchokoza nimebaki kusoma.

Sasa swali la kweli: nina baiskeli ya mtumba, breki za mpira zile za kubana rimu, shokapu ya mbele imekufa. Uluguru naweza?

---

Fundi Spoku

Kupanda unaweza. Morogoro mjini ni kama mita 500, Morningside kama 1,300, barabara inapita katikati ya makazi na mashamba, unasukuma pale panapokushinda, hakuna mtu wa kukuona isipokuwa watoto watakaokusukumia kwa hiari.

Kushuka na breki hizo ndiko kwenye maswali. Breki za mpira zikibanwa muda mrefu, rimu inapata moto, na moto ukizidi tyubu inapasuka ukiwa kwenye kasi. Usishuke umezikumbatia. Bana kwa nguvu kidogo, achia, bana, achia, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukibana ya mbele ukiwa umelala kwenye kona yenye kokoto, umekwenda. Simama njiani uzishike rimu kwa nyuma ya kidole, zikikuunguza kaa chini ule ndizi.

Shokapu iliyokufa si mwisho wa dunia, magoti na viwiko ndiyo shokapu ya kwanza. Shusha siti, simama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, macho yatazame mbali mbele, siyo kwenye jiwe unaloliogopa. Ukilitazama utaligonga.

---

Chuma Chakavu

Na mpira wa breki nitajuaje kama umeisha?

---

Fundi Spoku

Ile mifereji kwenye mpira ikifutika, badilisha. Ukisikia chuma kinasaga chuma, umechelewa, sasa unanunua na rimu. Na ukinunua mipira mipya, mbele na nyuma zote, usiniletee moja.

---

Binti Kibada

Naripoti: nimeshusha upepo, nimerudisha kalio nyuma kama ulivyosema. Nimepita mchanga wote hadi dukani bila kushuka. Mtoto amekasirika. Sasa nani anakwenda Pugu Jumamosi, na tunakutana Gongo la Mboto au Kajiungeni?

---

Kobe wa Goba

Kajiungeni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo na mtoto na helmeti zenu wote wawili. Maji ya kutosha, na hela ya kiingilio ya mkononi, mtandao pale huwa unasumbua.